Samaki simba katika fleti ya Nairobi: ndiyo, lakini si kwa tangi hilo

Msomaji wa South B anauliza: "Nina tangi la lita 120 ambalo nimefugia samaki wa dhahabu kwa muda mrefu. Kuna duka mjini lina samaki simba wa urefu wa kidole, mzuri ajabu. Muuzaji anasema samaki huyu hafi ovyo, nitie chumvi kwenye tangi langu nimhamishie humo, halafu nimlishe vitoto vya samaki wa dhahabu au omena. Tunaishi ghorofa ya tatu, nina mtoto wa miaka sita, na stima kwetu hupotea mara kwa mara. Je, ataishi Nairobi? Na sumu yake inaweza kumuua mtoto?"

Ndugu yangu, ataishi. Samaki simba ni katika samaki wa baharini walio wavumilivu kabisa, na hapo muuzaji hakukudanganya. Ila ukiyafuata maelekezo yake mengine, samaki huyo atadhoofika kidogo kidogo hadi afe, nawe utabaki ukifikiri ni ugonjwa. Wengi wanaofia majumbani huuawa na chakula, kwa kuwa ni kingi mno au hakiwafai. Kwa sisi wa Nairobi naongeza jambo la pili ambalo wafugaji wa Mombasa hawana haja ya kulihofia sana, nalo ni hewa. Hayo mawili nitayaeleza kwa kirefu. Sumu nayo nitaifikia, maana najua ndiyo iliyokufanya uandike.

Kabla ya yote, rudi dukani umtazame vizuri. Jina "samaki simba" hubeba spishi nyingi, na kidole kimoja cha leo kinaweza kuwa sahani nzima baadaye. Angalia mapezi ya ubavuni. Kama vijiti vyake ni virefu na vimeachana kama manyoya, huyo ni wa jenasi ya Pterois. Humo yumo Pterois miles, ambaye ndiye wa kawaida katika miamba ya pwani yetu, na binamu yake Pterois volitans wa Bahari ya Pasifiki. Hawa hukua haraka hadi kupita sentimita 30, na wakitandaza mapezi wanahitaji nafasi ya kugeuka. Usimweke mmoja wao katika chini ya lita 450. Ukiona mistari miwili myeupe inayolala sambamba kwenye shina la mkia, huyo ni Pterois radiata. Ni mdogo kuliko hao, lakini ni mgumu kulisha: hupenda kaa na kamba, na wengine hukataa katakata chakula kilichokufa. Kwa anayeanza, mwache.

Ninayekushauri ni samaki simba kibeti, wa jenasi ya Dendrochirus. Mapezi yake ya ubavuni ni ya duara, yameshikana kwa utando kama upepeo. Dendrochirus brachypterus huishia kwenye sentimita 15 hadi 17, na Dendrochirus zebra huzidi hapo kidogo. Wote wawili wanapatikana hadi Afrika Mashariki, na wote huzoea chakula kilichokufa bila ubishi mrefu. Kama wa dukani ni Pterois, acha kumpenda kwa macho. Mwambie muuzaji akutafutie kibeti, na usubiri.

Muulize pia alikotoka. Kenya ina wavuvi na wafanyabiashara wenye leseni ya samaki wa mapambo, na mwenye leseni haoni tabu kukuonyesha karatasi. Ndani ya hifadhi za taifa za baharini, kama Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, au Kisite, uvuvi wa aina yoyote umekatazwa, hata wa samaki mmoja wa mapambo. Nalisema hili kwa sababu mtandaoni utakuta video nyingi za Marekani zinazosifu kuwatoa samaki simba baharini. Kule wana sababu ya kufanya hivyo. Samaki simba si mwenyeji wa Atlantiki: alionekana Florida mara ya kwanza mwaka 1985, kisha akaenea Karibi yote akila samaki wachanga wasiomjua kuwa ni adui, na tangu mwaka 2014 jimbo la Florida limepiga marufuku kumwingiza. Kwetu yuko nyumbani kwao. Anayetolewa kwenye mwamba wa Kenya ni pengo katika mwamba huo, kwa hiyo ukimchukua mchukue kwa nia ya kuishi naye miaka kumi au zaidi.

Sasa tangi. Lita 120 hazitoshi hata kwa kibeti mmoja. Samaki huyu hula nyama tupu na kutoa uchafu mwingi, na maji machache huchafuka kabla hujatambua. Tafuta tangi la futi nne: sentimita 120 kwa 45 kwa 50, ambalo ni lita 270 ukilijaza hadi ukingoni. Pamoja na vioo, mawe na meza yake, uzito utafika karibu kilo 400. Liweke ukutani, juu ya boriti au karibu na nguzo, kamwe si katikati ya sebule, na kabla hujaleta kioo kimoja zungumza na mwenye nyumba au keriteka. Tangi lako la zamani usiliuze. Litakufaa kuchanganyia maji mapya, au kuwa karantini ya kila samaki mgeni kwa wiki nne za mwanzo, maana vimelea vya madoa meupe vya baharini vikiingia tangi kubwa ni kazi kuvitoa.

Maji ya bomba la Nairobi yana klorini, na maji ya visima vya mtaani mara nyingi yana floridi nyingi na madini mengine. Yote hayafai moja kwa moja. Tumia maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, inayoyasukuma kwenye utando mwembamba ili kuyatoa madini, yale yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20. Nenda na kipima TDS chako, kile kinachoonyesha kiasi cha madini yaliyoyeyuka majini. Kisome palepale dukani, na kikikataa kukaribia sufuri, muuzaji anarudishia madini kwa ajili ya ladha, au utando wa mashine umechakaa. Chumvi iwe ile inayotengenezwa kwa matangi ya baharini, takriban gramu 35 kwa lita, hivyo ujazo wa kwanza utakula kilo 8 au 9. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu, magnesi wala vitu vingine vinavyoyafanya maji kuwa bahari. Wapo wanaosafirisha maji halisi kutoka pwani. Yanafaa kama yamechotwa mbali na mito na bandari, lakini kwa mwendo wa karibu kilomita 480, mimi naona chumvi ni nafuu na salama zaidi.

Changanya kwenye chombo cha pembeni huku pampu ikizungusha, uache siku nzima, ndipo upime. Uzito wa maji, yaani ukilinganishwa na wa maji matupu ambayo ni 1.000, ukae kati ya 1.023 na 1.025. Yanapopungua kwa kukauka, hasa Januari na Februari hewa yetu inapokuwa kavu, ongeza maji matupu ya RO. Chumvi haipai na mvuke. Ukiongeza ya chumvi kila mara utajikuta unafuga samaki katika brini, maji ya chumvi kali mno.

Kisha subiri wiki nne hadi sita bila samaki. Weka mawe, washa filta na hita, dondosha kipande cha kamba kioze. Amonia itapanda, bakteria wataigeuza kuwa nitriti, na wengine wataigeuza nitriti kuwa nitrati. Siku amonia na nitriti zitakaposoma sufuri mfululizo, tangi liko tayari. Kwa mtu aliyezoea samaki wa dhahabu, kusubiri huku ndiko kugumu kuliko yote, na hapa ndipo maduka huwaponza wateja wao.

Sasa hewa. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25, kule Mombasa, hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Maji yaleyale, chumvi ileile, joto lilelile, hapa hubeba kama miligramu 5.5 tu, na hiyo ni pale yanapokuwa yamesukwa vizuri. Kila kitabu na kila video utakayoona imetungwa na mtu aliye karibu na usawa wa bahari. Pampu inayomtosha yeye haikutoshi wewe.

Kwa hiyo elekeza mdomo wa pampu moja juu, uso wa maji uwe unatikisika wakati wote. Ongeza skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu. Mbali na kusafisha mabaki ya nyama, inaingiza hewa nyingi majini, na kwa samaki simba mimi siihesabu kuwa anasa. Kifuniko kiwe cha wavu mgumu badala ya kioo kilichoziba. Joto lisipite nyuzi 25 au 26, kwa sababu maji kadiri yanavyopashwa ndivyo yanavyopoteza oksijeni. Hita huwezi kuikwepa, maana usiku wa Julai nyumba nyingi za Nairobi hushuka sana. Nunua mbili za wati 150 badala ya moja ya 300. Moja ikikwama ikiwa imewaka, haina nguvu ya kumpika samaki. Ikifa, ile nyingine itazuia maji yasipoe ghafla.

Stima ikipotea, baridi haiji haraka, kwa kuwa lita 250 hupoa polepole, na blanketi kuzunguka tangi hukupa saa nyingi. Kinachokwisha kwanza ni oksijeni. Weka pampu ya hewa inayotumia betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika, na uijaribu kila mwezi kwa kuchomoa plagi. Mwenye inveta aunganishe pampu ya mzunguko peke yake aiache hita nje, na betri itadumu usiku kucha. Usimlishe samaki wakati stima haipo, wala jioni unayotarajia ipotee: kusaga chakula kunataka oksijeni, na samaki aliyeshiba nyama huitaka zaidi. Kama filta yako ni ile ya mkebe uliofungwa, na imesimama kwa saa kadhaa, usiiwashe tu umeme ukirudi. Bakteria wa ndani watakuwa wamekosa hewa na maji yake yameharibika. Yamwage kwanza, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Nije kwenye chakula. Samaki simba baharini huvizia jioni na alfajiri. Hutandaza mapezi kumziba njia windo lake, wakati mwingine humpulizia maji usoni ili ageuke, kisha humeza mara moja, mzimamzima. Tumbo lake hutanuka mno, na anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Maumbile hayo yamemfundisha kula kila anachokiona, kwa kuwa hajui kesho ataona nini. Nyumbani kesho ipo, na keshokutwa ipo. Atakuja kwenye kioo kila ukipita, atakutazama, atapepea mapezi, na utaamini ana njaa. Usiamini. Samaki mkubwa alishwe mara mbili au tatu kwa wiki, na tonge lote lisizidi ukubwa wa jicho lake mara tatu au nne. Mchanga, kama huyo wa kidole, anaweza kula kidogo kila siku mpaka akue. Anayelishwa kila siku ukubwani hujaa mafuta kwenye ini, na ini likishaharibika hakuna dawa ya dukani itakayolirudisha.

Samaki wa dhahabu usimpe hata mmoja. Mwilini mwake mna kimeng'enya cha thiaminesi kinachoharibu vitamini B1, na mafuta yake si yale ambayo samaki wa baharini anayahitaji. Dalili huja baada ya miezi: samaki anakosa shabaha, anaelea upande, anaacha kula. Omena naye ni wa ziwani, basi mwache kwenye sufuria yako, na aliyekaushwa kwa chumvi ndiye mbaya zaidi. Samaki wa baharini alishwe vya baharini. Pale City Market utapata kamba, ngisi na samaki wadogo kutoka Pwani. Nunua wabichi wasiotiwa viungo, kata vipande, gandisha kwenye vifuko vidogo, na uyeyushe cha siku hiyo tu. Badilisha: leo kamba, siku nyingine ngisi, nyingine samaki. Hata miongoni mwa vyakula vya baharini, kimoja tu kwa mwaka mzima humkosesha kitu. Mara moja kwa wiki dondoshea vitamini za samaki kwenye kipande, ukiache kinyonye kabla ya kumpa.

Kumzoesha chakula kilichokufa kunataka subira. Tumia koleo refu la plastiki. Shika kipande, kitikise mbele yake wakati wa jioni taa ikiwa imepunguzwa, kana kwamba kinaogelea. Akikataa, kitoe, usikiache kioze, na umwache siku mbili. Rudia. Hatakufa na njaa kwa wiki moja, wala mbili. Wanaoshindwa hushindwa kwa sababu huwahurumia mapema wakarudi kwenye samaki hai. Na kama siku moja ukimwona anajisugua, kisha utando mwembamba unamtoka mwilini kama ngozi inayobambuka, tulia. Samaki simba huvua utando wake mara kwa mara ili kuondoa mwani na vimelea. Pima maji, na yakiwa sawa usitie dawa yoyote.

Sasa mtoto. Samaki simba ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, miwili kwenye mapezi ya tumboni, mitatu karibu na mkia chini. Yale mapezi makubwa ya ubavuni yanayotisha hayana sumu. Hafukuzi mtu. Akihisi kubanwa huinamisha kichwa na kuelekeza mgongo mbele, na mkono ukigusa, mwiba huingia na sumu hupenya kwenye jeraha. Maumivu ni makali sana, huanza papo hapo, mahali huvimba, wengine hutapika au kutoka jasho. Kifo kwa mtu mwenye afya ni nadra mno. Kwa mtoto mdogo, mwenye ugonjwa wa moyo au mwenye mzio, sikubali kusema "nadra" nikaishia hapo: huyo apelekwe hospitali moja kwa moja, hata kama anaonekana sawa.

Huduma ya kwanza ni maji ya moto. Sumu hii ni protini, na joto huivunja. Tumbukiza mahali palipochomwa kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45, yaliyo moto lakini yasiyounguza, kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza mengine ya moto yanapopoa. Yapimwe kwa mkono mzima wa mtu mwingine, kwa sababu mkono wenye maumivu haujui unapoungua. Usiweke barafu, usichanje, usinyonye. Kama kipande cha mwiba kimebaki ndani, au pumzi inabana, au maumivu hayapungui, hospitali. Na hata yakipungua, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Kifuniko kiwe na kufuli, na ufunguo ukae kwako. Tangi liwekwe juu kiasi kwamba mtoto anaona lakini hafikii ukingo, na kiti kisikae karibu. Dada anayewasaidia kazi za nyumba aelezwe waziwazi, asiingize mkono hata kufuta kioo, kwa sababu mara nyingi anayechomwa ni yule ambaye hakuambiwa. Wewe mwenyewe usitie mkono kabla hujamwona samaki alipo, na umtenge kwa kipande cha plastiki unaposafisha. Kumhamisha tumia chombo kigumu. Wavu hunasa miiba, na ukijaribu kumnasua ndipo atakapokupata. Akifa pia, usimshike kwa vidole: miiba hubaki na sumu.

Wenzake wa tangini nitawataja kwa ufupi. Chochote kinachoingia mdomoni mwake kitaingia, na kamba wa kusafisha nao hawasalimiki. Samaki wenye tabia ya kudonoa mapezi watamtesa. Mwaka wa kwanza mwache peke yake. Anatosha.

Na siku ya kununua, usilipe kabla hujamwona akila mbele yako, tena kipande kilichokufa. Muuzaji akisema amekwisha kula asubuhi, rudi jioni nyingine. Tazama macho yawe angavu bila ukungu, tumbo lisiwe limebonyea, mdomo ufunge na kufunguka sawasawa, na pumzi isiwe ya haraka. Samaki simba anayekaa wazi juu ya maji mchana kutwa, akihema kwa nguvu, ana tatizo. Aliyejibanza chini ya jiwe kichwa kikielekea chini yuko sawa, hivyo ndivyo walivyo. Tangi lako likifika wiki ya sita, niandikie vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na uzito wa maji, pamoja na picha ya mapezi ya samaki aliyekupendeza, ili tumtambue ni wa jenasi gani kabla hujatoa pesa.